Kona ya Wasomaji: Straika wa begi mgongoni, ni galasa au ni fundi?

Wiki hii simu imejaa maswali ya mpira, na mengi yanazunguka jambo moja, wale mastraika wa visiwa vya Karibiani wanaohama timu kama watu wanaobadilisha daladala. Nimechagua machache, mengine yalikuwa matusi tu kwa timu yangu, hayo nimeyala kimya kimya.

SWALI: Kaka mambo, mi ni dereva boda kijiwe cha soko la Kilombero hapa Arusha. Kuna ubishi tumekaa nao wiki nzima. Jamaa yangu anasema yule Duckens Nazon wa Haiti ni galasa, eti mchezaji mzuri hawezi kupita timu zote hizo, mara India mara Bulgaria mara Iran. Mi nasema ni mtu hatari. Tumewekeana kreti la soda. Tusaidie aisee, maana wana wote kijiweni wanasubiri.

JIBU: Dogo hilo kreti ni lako, ila ngoja nikueleze kwanza ili jamaa yako akilipa alipe roho ikiwa safi.

Nazon kazaliwa 1994 Châtenay-Malabry, pembeni ya Paris, wazazi wake ni wa Haiti. Alikuwa Laval pale Ufaransa, wakamtoa kwa mkopo 2016 akaenda India kuchezea Kerala Blasters, na mwaka ule Kerala walifika fainali wakatolewa kwa penati. Akarudi, 2017 Wolves ya Uingereza ikamsajili, na hapo ndo wengi wenu mnapokosea, mnaona jina Wolves mnasema kumbe alikuwa level hizo, hapana, walimsajili wakampeleka Coventry kwa mkopo, kisha Oldham. Hizo ni timu za madaraja ya chini, viwanja vya matope, mabeki wanapiga kiwiko kwanza salamu baadaye. Baada ya hapo Sint-Truiden ya Ubelgiji, wakamkopesha St Mirren kule Scotland, halafu akarudi Ufaransa Quevilly-Rouen, akaenda CSKA Sofia ya Bulgaria, kisha Kayserispor ya Uturuki, 2025 akatua Esteghlal ya Tehran. Nimechoka hata kuandika, sasa fikiria yeye anayebeba mabegi.

Ukiangalia orodha hiyo peke yake utasema jamaa yako kashinda. Lakini sasa weka jezi ya Haiti juu yake. Huyu ndiye mfungaji bora wa muda wote wa taifa lake. Gold Cup ya 2019, kombe la mataifa ya Amerika Kaskazini, ya Kati na Karibiani, Haiti walikuwa nyuma 2-0 dhidi ya Canada robo fainali, Nazon ndo akaanzisha fujo kwa goli la kwanza, mechi ikaisha 3-2 wakaingia nusu fainali. Septemba 2025 wako ugenini Costa Rica, wamepigwa mbili tena, jamaa akafunga hat-trick mechi ikaisha 3-3. Ile pointi moja ya ugenini kwa mtu asiyejua mpira ni sare tu, kwa anayejua ni kama umeokota shilingi milioni barabarani. Tarehe 18 Novemba 2025 wakaipiga Nicaragua 2-0 wakafuzu Kombe la Dunia la 2026, mara ya kwanza tangu 1974. Na tarehe hiyohiyo ndiyo Wahaiti wanakumbuka vita vya Vertières vya 1803 walipowachapa jeshi la Napoleon, kwahiyo usiku ule nadhani hakulala mtu.

Na kumbuka mechi zao zote za nyumbani hawakucheza nyumbani. Port-au-Prince imeshikwa na magenge, uwanja hauingiliki, raundi ya mwisho "nyumbani" kwao ilikuwa kisiwa cha Curaçao. Yaani timu nzima ni ya watu wa begi mgongoni, sio Nazon peke yake.

Kitu kingine cha kuchekesha, kocha aliyewapeleka ni Sébastien Migné. Jina linakujia? Ni yule Mfaransa aliyekuwa na Harambee Stars AFCON 2019 kule Cairo, tulipoongoza mara mbili, Msuva kafunga, Samatta kafunga, mwisho wa siku Kenya 3 sisi 2. Mimi ile mechi niliangalia kibanda umiza cha Unga Ltd, nikatoka nje kabla ya dakika ya 90 nikaenda zangu kula mishikaki, sikutaka kuongea na mtu.

Sasa neno galasa. Galasa ni mtu ambaye timu inamwacha na hakuna mwingine anayemtaka. Huyu kila anapoachwa kuna mtu kashika mkataba mlangoni anamsubiri, kwa miaka kumi, nchi nane. Fundi rangi akimaliza nyumba Njiro akaitwa Usa River, halafu Tengeru, halafu Kisongo, utasema fundi huyu hana maana kwasababu hakai nyumba moja? Haya, fanta zangu mbili niwekee.

SWALI: Nakusoma kila toleo. Swali langu, kama hao jamaa wanafunga kweli, kwanini klabu hazikai nao? Mbona Yanga na Simba mtu akifunga tu anapewa mkataba mpya na gari? Ni mimi wa Sakina, Arusha.

JIBU: Gari unaliona wewe, mkataba umeusoma? Haya tuyaache hayo.

Nikupe mtu mmoja utaelewa yote. Stern John wa Trinidad, mzaliwa wa Tunapuna, 1976. Alienda Marekani kusoma, akaishia kucheza Columbus Crew, na mwaka 1998 kafunga goli 26 akawa mfungaji bora wa ligi ya kule. 1999 Nottingham Forest wakamnunua kwa pauni milioni moja na nusu. Kuanzia hapo weka kituo cha daladala: Forest, Birmingham, Coventry, Derby, Sunderland, Southampton, Bristol City, Crystal Palace, Ipswich. Timu tisa, nchi moja!

Forest walipobanwa na ukata wakamwachia Birmingham kwa bei ya chee mwanzoni mwa 2002, miezi michache baadaye yuko uwanja wa Millwall, nusu fainali ya mchujo wa kupanda, dakika ya mwisho, akatikisa nyavu, Birmingham wakaenda fainali wakapanda ligi kuu. Unadhani walimjengea sanamu? 2004 yuko Coventry.

Lakini inayonifurahisha mimi ni ya 2007. Sunderland ya Roy Keane walikuwa wanamtaka Kenwyne Jones, Mtrinidad mwenzake, kijana mrefu anaruka kama swala, yuko Southampton. Wakatoa pauni milioni sita na juu yake wakamtupia Stern John, kama vile mama pale sokoni ukinunua fungu la nyanya anavyokuongezea moja ili uondoke umeridhika. Nyongeza! Mtu wa miaka 30 na mechi kibao za taifa kageuzwa nyongeza ya fungu. Basi hiyo nyongeza msimu ule ikafunga goli 19, na siku ya mwisho ya ligi, Mei 2008, Southampton wako kwenye mstari wa kushuka, lazima washinde dhidi ya Sheffield United, Stern John kafunga mawili, mechi 3-2, Leicester wakashuka wao. Halafu dakika za mwisho akapewa kadi nyekundu akatoka zake, kazi imeshaisha. Msimu uliofuata? Bristol City, mkopo.

Kwahiyo jibu lako ni hilo, klabu hazikai nao kwasababu hazikuwanunua kwa ajili ya kukaa nao. Timu ikishikwa na njaa ya magoli Januari inatafuta mtu wa bei ndogo anayejua kazi, haitaki kumfundisha mtu. Njaa ikiisha au kocha akifukuzwa anakuja mwingine na mtu wake. Straika wa namna hii ni kama gunia la mkaa, mvua ikinyesha unalikumbuka. Na huyohuyo Stern John kwao kafunga goli 70, na Oktoba 2005 ndo aliyefunga yote mawili Trinidad walipoifunga Mexico 2-1, wakaenda mchujo na Bahrain, wakaingia Kombe la Dunia Ujerumani wakiwa nchi ya watu kama milioni moja na laki tatu. Watu pungufu ya mkoa wa Kilimanjaro aisee.

SWALI: Mzee shikamoo. Nina jezi ya zamani ya Trinidad nimeipata mtumba Memorial hapa Moshi, mgongoni imeandikwa SCOTLAND. Ni feki? Maana Trinidad na Scotland wapi na wapi.

JIBU: Marahaba. Shika hiyo jezi usiiuze, kama ni orijino umeokota dhahabu kwenye bando. Scotland ni jina la mtu, Jason Scotland, straika wa Trinidad. 2006 nchi ya Scotland haikufuzu Kombe la Dunia, England imefuzu na iko kundi moja na Trinidad, na huyu jamaa anacheza St Johnstone hukohuko Scotland. Waskoti wakaona Mungu ni mwema, wakanunua jezi za Trinidad zenye jina hilo wakavaa kuizomea England. Ilipofika mechi England wakashinda 2-0, kwenye goli la kwanza Peter Crouch kamvuta beki rasta zake ndo akapiga kichwa, mpaka leo Watrinidad wanaidai. Jason mwenyewe alikaa benchi tu.

Sasa kwasababu umenigusa huyu jamaa niseme kitu ambacho vijana wetu hawakijui. Jason Scotland alikuwa Dundee United, 2005 klabu inamtaka, yeye anataka, kibali cha kazi kikagoma. Akahamia St Johnstone daraja la chini, wao wakamwombea kikatoka. Mguu uleule, mtu yuleyule. Sheria ya Uingereza enzi zile ilikuwa lazima uwe umecheza asilimia 75 ya mechi za ushindani za taifa lako kwa miaka miwili, na taifa liwe ndani ya 70 bora za FIFA, baadaye wakashusha mpaka 50. Kwahiyo Mjamaika au Mtrinidad alikuwa anapigania namba ya taifa sio kwa uzalendo tu, ilikuwa ndo kibali chake cha kula. Kocha wa taifa akikuacha nje mechi kadhaa unaweza kukosa kazi. Kuanzia 2021 wamebadilisha wanatumia pointi 15, unahesabiwa mechi za taifa, ligi unayotoka, dakika ulizocheza, na hata Wafaransa na Wareno sasa wanahesabiwa.

Ndo maana Nazon aliingia Coventry na Oldham bila shida mwaka ule, ana pasi ya Ufaransa mfukoni. Jason hakuwa nayo. Dogo wa Moshi hana pia. Samatta wetu hakwenda Uingereza moja kwa moja, alipita TP Mazembe, akakaa Genk miaka minne, 2018/19 kafunga goli 23 ligi ya Ubelgiji, akaenda kufunga Anfield, uwanja wa Liverpool, kwa kichwa kwenye Ligi ya Mabingwa, ndipo Aston Villa wakaja Januari 2020. Baada ya Villa naye akavaa begi mgongoni, Fenerbahçe, Antwerp, Genk tena, PAOK, Le Havre. Na watu walewale wanaomwita Nazon galasa wakamwita Samatta kafulia. Mimi sina la kuwaambia.

Na Jason alipofika Swansea 2007 alipiga goli 24 za ligi msimu wa kwanza wakapanda. Jezi inafuliwa kwa maji ya baridi.

SWALI: Naomba usinitaje jina. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza ndizi soko la Mbuyuni Moshi. Mwanangu wa pili ana miaka 16, ni namba tisa, anacheza vizuri kweli, hata mashindano ya shule walimchukua. Kuna kijana amekuja anasema ni ajenti, ana timu Ureno inamtaka kwa majaribio, anataka milioni nne na nusu ya viza na maandalizi, ameonyesha na barua yenye muhuri. Baba yake yuko tayari kuuza kipande cha kihamba Kibosho. Babu yao amekataa kata kata na nyumbani hakuongeleki. Mwanangu analia kila siku. Nifanyeje?

JIBU: Mama pole sana. Hili nimelisoma mara tatu, nikaacha mengine nikaanza nalo, ila wahariri wameliweka hapa katikati, samahani.

Mama usiuze kihamba. Babu yuko sawa, hata kama kakataa kwa sababu nyingine za kwake za kizee.

Mwanao ana miaka 16. Sheria ya FIFA, kifungu cha 19, inakataza mchezaji chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Kuna vipengele vichache vya kuruhusu, mfano wazazi wamehama kwa sababu zisizohusu mpira, au vijana wa 16 mpaka 18 wanaohama ndani ya Ulaya kwenyewe, mtoto wa Moshi hayumo. Kwahiyo hata hiyo timu ingekuwepo, na hata ingempenda, haiwezi kumsajili leo. Anayekwambia inawezekana ama hajui kazi yake ama anaijua vizuri sana.

Pili hesabu. Ada ya viza ya Schengen ni yuro 90. Weka na hela ya kituo cha maombi, weka nauli ya basi Moshi mpaka Dar kwenda na kurudi, hata milioni hufiki. Hiyo milioni nne na nusu inaenda wapi? Mwulize hivyo hivyo, kwa upole, mbele ya baba yake na babu, akuandikie kwenye karatasi kila shilingi. Utaona anaanza kuangalia simu.

Tatu, ajenti wa kweli anakula kwenye mkataba, akishauza ndo analipwa asilimia yake. Haombi hela kwa mama muuza ndizi. Tena siku hizi ajenti lazima awe amefanya mtihani wa FIFA na ana leseni, na majina yapo kwenye tovuti ya FIFA yenyewe, mpe kijana yeyote mwenye simu atafute jina la huyo mtu. Na kwa mtoto mdogo hawezi kumwakilisha bila mzazi kusaini kwa maandishi. Barua yenye muhuri isikutishe, mihuri inachongwa pale stendi kwa elfu kumi na tano.

Nasema kwa uchungu kwasababu mimi mwenyewe miaka ya tisini nilikuwa winga, sio sifa, mchangani Ngarenaro walikuwa wananijua. Akaja mtu akasema Oman. Mama yangu akauza mbuzi wanne. Tukapanda gari asubuhi sisi watatu na mabegi na njumu mpya, tukafika Namanga, jamaa akasema subirini hapa nagonga mihuri ya pasipoti. Mama, nimesubiri. Mpaka leo nikipita Namanga huwa naangalia lile dirisha. Mama yangu hakuwahi kuniuliza habari za wale mbuzi, na hiyo ndo inaniuma kuliko Oman.

Mwanao mwambie hivi, hakuna mlango uliofungwa, ni umri haujafika. Amalize kidato cha nne, atafute timu iliyosajiliwa TFF, sio ya mtaani tu, ili jina lake liingie kwenye mfumo. Hilo ni la maana kuliko anavyodhani, maana siku akiuzwa kwa hela kutoka klabu moja kwenda nyingine nje, asilimia tano ya ada inagawiwa kwa timu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Timu yenye karatasi zake inapata, isiyo na karatasi inapiga makofi. Kwahiyo hata kocha wake ana sababu ya kumwandikisha vizuri. Acheze, mechi zake zirekodiwe hata kwa simu. Watu kutoka Dar wapo wanaokuja kuangalia vijana huku kwetu, na AFCON 2027 ikiletwa huku kwenye uwanja mpya Arusha wataongezeka.

Na analia kwasababu kaambiwa ni sasa au basi. Mwambie Stern John alikuwa na miaka 23 alipofika Ulaya.

SWALI: Bro nisaidie kumaliza ubishi, kuna goli kweli liliwahi kufungwa kwa msaada wa puto? Jamaa anasema ni stori za kijiweni. Ni sisi wa Majengo, Moshi.

JIBU: Ni kweli tupu. Januari 2008, Kombe la FA, Sheffield United na Manchester City. Mashabiki wa City wenyewe walirusha maputo ya rangi ya timu yao, yakajaa kwenye boksi la golikipa wao wenyewe. Mpira ukaingia katikati ya maputo ukabadilika, beki wao Michael Ball akapiga hewa, ukamkuta Luton Shelton wa Jamaika yuko peke yake. Kwa sheria kitu cha nje kikigusa mpira mwamuzi asimamishe, lakini hakusimamisha. United 2 City 1, City wakatoka kwenye kombe.

Huyo Shelton naye ndo walewale, Harbour View ya kwao, Helsingborg ya Sweden, Sheffield, Vålerenga ya Norway, Karabükspor ya Uturuki, mpaka Volga ya Urusi kwenye baridi lile. Goli 35 za taifa, timu ya wanaume ya Jamaika hakuna aliyefunga zaidi. Baadaye alipata ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoitwa ALS, ukamla mwili taratibu, akafariki Januari 2021 ana miaka 35.

Ukimlipa jamaa, mlipe yote.